Kichekesho cha simu kikiingia makumbusho

Sentensi maarufu kuliko zote zilizowahi kusemwa Ujiji huenda haikusemwa kabisa. Aliyesoma historia hapa Kigoma anaijua: Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, anafika mwaka 1871, anamkuta Mzungu mzee aliyedhoofishwa na maradhi, anavua kofia na kumwambia, "Dokta Livingstone, nadhani?" Habari ilipochapishwa mwaka 1872, wasomaji wa Uingereza na Marekani waliicheka salamu hiyo. Ikaingia kwenye kumbi za burudani na kwenye katuni, ikawa neno la mzaha kila watu wawili wanapokutana mahali wasipotarajia. Stanley mwenyewe aliumia kwa kuchekwa. Karatasi za shajara yake zilizohusu dakika ile zimechanwa, na Tim Jeal, aliyeandika maisha yake, anaona maneno yale yalitungwa baadaye.

Hiyo ni mimu, kama vijana wanavyoziita: maneno machache yenye picha yake, yanapokezanwa mpaka mwenye kuyatunga hajulikani tena au hana usemi juu yake. Nayo tumeijengea makumbusho. Ukifika pale Ujiji utawakuta mabwana wale wawili wamegeuzwa sanamu, wanasalimiana mchana na usiku, na nje kuna miembe inayosemekana ni uzao wa ule mwembe wa zamani.

Nimeanza na Ujiji kwa sababu mjadala wa kama vichekesho vya simu vinastahili kuwekwa makumbusho hupelekwa haraka sana ng'ambo. Kule umeshapamba moto. Mwaka 2012 The Photographers' Gallery ya London ilionyesha gifu kwenye ukuta wake wa skrini. Nazungumzia vile vipicha visivyo na sauti vinavyojirudia-rudia. Mwaka 2014 Museum of the Moving Image ya New York ikaweka gifu za kujibia watu kwenye mazungumzo, zilizochaguliwa kwa msaada wa watumiaji wa mtandao wa Reddit, na mwaka uliofuata ikafanya onyesho zima kuhusu paka wa intaneti. Mwaka 2016 MoMA, jumba la sanaa za kisasa la New York, ikaziingiza katika hazina yake emoji 176 alizochora Shigetaka Kurita mwaka 1999 kwa ajili ya simu za NTT DoCoMo, kila moja ndani ya mraba wa nukta 12 kwa 12. Vijana wa Mwanga na Kibirizi hapa Kigoma wanaotengeneza stika na vipicha kwa simu zenye kioo kilichopasuka wanauliza lini itakuwa zamu yao. Wazee wa kwenye kahawa wanauliza kama kweli hayo ni mambo ya kuwekwa makumbusho.

Hoja ya wazee naichukulia kwa uzito, maana kuchekesha wanakujua kuliko mtunza makumbusho yeyote. "Mwanangu," mmoja aliniambia, "kichekesho ukikipigilia msumari kimeshakuwa kibao." Alikuwa anawaza utani. Njia ya misafara iliyowapeleka wapagazi wa Kinyamwezi kutoka Tabora hadi pwani ndiyo inayotajwa kuwa iliwafunga kwa utani na watu wa kule, Wazaramo wakiwemo. Mtani anakuja msibani, anashuka kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Anamwigiza marehemu alivyotembea, alivyokuwa akidai madeni yake. Wafiwa wanalia huku wanacheka. Sasa rekodi tukio lile, lirushe kwenye skrini ukutani mbele ya mgeni asiyemjua marehemu wala mtani. Atakachokiona ni mkorofi mmoja ndani ya shimo. Picha ni ile ile na kila kitu kimo, isipokuwa ujamaa uliomruhusu mtu yule kufanya alichofanya.

Gifu nayo ina tabia hiyo. Mtu anayegeuza macho juu hana maana yoyote mpaka katibu wa kamati aandike kwenye grupu, kwa mara ya nne wiki hii, kuwa michango ya harusi bado haijatimia. Hapo mmoja anatupia kile kipicha na grupu zima linaelewa: kachoka, ana hela kidogo, hataki kusema, na bado anampenda bwana harusi. Ndani ya sekunde mbili yamesemwa mambo ambayo kwa maneno yangeleta ugomvi. Kitenge kipicha hicho na katibu wake, kibaki uso tu. Hata kuzaliwa kwake kunaeleza tabia hii. Faili za gifu zilibuniwa mwaka 1987 na timu ya Steve Wilhite katika kampuni ya CompuServe, wakati mtandao ulipita kwenye nyaya za simu kwa mwendo wa kobe. Ndiyo maana hazivuki rangi 256, zipate kubanwa zipite. Kujirudia bila kikomo kulikuja kuzoeleka baada ya Netscape, programu ya kufungulia kurasa za intaneti, kuruhusu jambo hilo mwaka 1995. Ni kitu kilichoundwa kisafiri. Ukutani hakina safari.

Mpaka hapo wazee wananishinda. Wananishinda pia kwenye jambo la heshima, na hili linanigusa.

Yuko mama anayeuza dagaa Kibirizi. Siku moja alikuwa anashuka mtumbwini, ubao wa kukanyagia ukateleza, akaanguka na gunia lake la dagaa, na kijana mmoja alikuwa na simu mkononi. Kufikia jioni mwanguko ule ulikuwa stika. Mtu akishindwa kulipa kodi ya nyumba, anatumiwa yule mama. Timu ikifungwa, anatumiwa yule mama. Nami niliituma, mara mbili, kabla sijajua ni nani. Sasa kichekesho cha simu kina rehema moja: kinasahaulika. Baada ya miezi michache kinakuja kingine na mwenye kuanguka anapumzika. Makumbusho yanaondoa rehema hiyo. Kazi yao ni kuhakikisha kwamba mtu haachi kuanguka.

Na kuna fedha. Kitu kikishaingia kwenye jumba la heshima kinapata bei, na bei inatafuta mwenye kitu. Nyan Cat, paka aliyechorwa na Chris Torres mwaka 2011 akiruka na upinde wa mvua nyuma yake, aliuzwa mwaka 2021 kwa njia ya kidijitali kwa karibu dola 590,000. Torres alikuwa na bahati ya kujulikana kuwa ndiye mchoraji. Sura nyingi zinazochekesha dunia ni za watu ambao hawakuchora chochote; walikuwa wanaendelea na maisha yao wakanaswa.

Ningekuwa natafuta ushindi ningeishia hapo na kuwaunga mkono wazee. Kinachonizuia ni neno lenyewe. Kiswahili hakikuliita jumba hili nyumba ya urembo wala ghala la hazina. Kimeliita makumbusho, kutoka katika kukumbusha. Kwa hiyo swali linalopigiwa kelele kila mara, kwamba je, gifu ni sanaa, kwetu halina haja ya kutangulia. Tunaweza kuuliza inakumbusha nini, na iwapo bila hiyo tutasahau kitu tunachokihitaji. Habari ya nini ni sanaa ina kawaida ya kujimaliza yenyewe. Edward Saidi Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kuchora wanyama kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya kung'aa ya dukani, akiwauzia wageni Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1972, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji unaojulikana duniani.

Kanga ndiyo inayonifundisha zaidi. Ina pindo, ina mji, ina jina. Picha juu, maneno chini, na maneno hayo yanamlenga mtu fulani bila kumtaja. Miaka mingi kabla ya simu mwanamke wa Ujiji aliweza kujifunga "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu", akapita taratibu mbele ya mlango wa jirani, akaenda zake sokoni. Jirani hana pa kushika, nguo haishitakiwi. Hiyo ni kutupia stika kwa miguu. Na kanga zimeshaingia makumbusho. British Museum wanazo na walizionyesha mwaka 2013 pamoja na vitambaa vingine vya Afrika. Nyuma ya kioo jina linasomeka vizuri, limefasiriwa, mwaka umeandikwa. Jirani hayupo. Je, bora kanga ile isingewekwa? Siwezi kusema hivyo. Zile ambazo hazikuwekwa ziliishia kuwa nepi, kisha matambara ya jikoni, na majina yake yameondoka na waliozivaa.

Vichekesho vya simu vinakufa haraka kuliko kitambaa. GeoCities, mahali ambapo watu wa kawaida wa miaka ya 1990 walijaza kurasa zao vipicha vinavyochezacheza, ilifungwa mwaka 2009, na kilichobaki kimebaki kwa sababu watu wa kujitolea walikimbilia kunakili kabla mlango haujafungwa. Sisi hatuna hata mlango wa kukimbilia. Vichekesho vyetu vimo ndani ya magrupu, magrupu yamo ndani ya simu, na simu moja ikidondoka ziwani inazama na mwaka mzima wa vicheko vya mtaa. Sheria yetu ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inavitambua vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kichekesho hakiwezi kusubiri umri huo.

Halafu kuna ugumu ambao watu wa makumbusho wanapaswa kuupenda. Tukisema tuhifadhi, tuhifadhi nakala ipi? Gifu ikipita WhatsApp inageuzwa video fupi. Picha ikitumwa na kutumwa tena inabanwa kila mara, inapoteza ukali, inapata ukungu pembeni, watu wanaikata, wanaandika juu ya maandishi ya wenzao. Mwenye jumba atatamani nakala safi ya mwanzo. Mimi ningemwomba achukue ile iliyochakaa, kwa sababu ukungu ule ndio alama za vidole: unaonyesha imepita mikono ya wangapi kutoka Kigoma hadi Tabora hadi kwa shemeji aliyeko Oman. Kanga iliyopauka mabegani inasema jambo ambalo kanga mpya ya dukani haiwezi kulisema.

Kwa hiyo mimi niko upande wa kuhifadhi, ila kwa sharti, na sharti hilo nimelitoa Ujiji. Tazama kile kichekesho chetu cha 1871 kilivyohifadhiwa. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, wa kwanza kumsalimia siku ile hakuwa Livingstone. Alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyetokea kwenye umati na kumwamkia kwa Kiingereza: habari za asubuhi, bwana. Susi huyo huyo, pamoja na mtumishi mwenzake Chuma, ndio waliokuwa miongoni mwa walioubeba mwili wa Livingstone mpaka pwani baada ya kufariki mwaka 1873. Umati wa Ujiji ulikuwepo, na bila shaka ulisema yake kwa Kiswahili na kwa Kiha, na haiwezekani kuwa haukucheka kuwaona watu wazima wawili wakivuliana kofia juani. Kilichobaki midomoni mwa dunia ni sentensi moja ya mgeni, ambayo huenda hakuisema. Waliocheka nyumbani kwake wakaihifadhi. Waliokuwepo hawakuulizwa.

Makosa hayo hayo ndiyo nayaona kwenye skrini ya ukutani yenye gifu peke yake, bila grupu lililoitumia, bila aliyejibiwa, bila aliyenaswa. Ningependa kuona makumbusho yanayoweka mazungumzo mazima: ujumbe wa katibu, kimya cha nusu saa, kipicha, na maneno yaliyofuata, majina yakiwa yamefutwa. Ningependa karatasi pembeni ambapo waliotuma wanaeleza kwa maneno yao walikusudia nini. Vijana wanaotengeneza stika watajwe kama tunavyomtaja mchoraji. Na aliyemo kwenye picha aombwe ruhusa. Akikataa, iondoke, hata kama ni nzuri kiasi gani. Najua sharti la mwisho litazigharimu kumbi zile vitu vyao bora. Naona ni gharama ya haki.

Wazee watasema bado ni kibao. Huenda. Lakini kibao chenye maneno ya wenyeji ni tofauti na kile tulicho nacho pale chini ya miembe.

Nilikwenda Kibirizi kumwomba radhi yule mama, nikamsimulia na habari hizi za ng'ambo. Alikuwa anaanika. Aliniuliza kama wanaoweka picha hizo wanalipa kiingilio au wanalipwa, nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akigeuza dagaa kwa kiganja. Kisha akasema: "Wakitaka kuniweka waje waniombe. Halafu waandike na hili, kwamba gunia lilikuwa la mkopo, na dagaa niliwaokota wote."