Filamu Si Kiambatisho

Wiki iliyopita nilikaa viti vya nyuma mwanafunzi akitetea tasnifu yake ya usanifu majengo. Kwa miaka miwili alirekodi namna watu wanavyoliishi jengo moja: wanapopumzika, mlango wanaoukwepa, ngazi zinazowachosha wazee. Mtahini mmoja akamwambia, "Filamu ni nzuri, iweke kwenye viambatisho. Sasa utafiti wenyewe uko wapi?"

Nilitoka na hasira, na haijaisha. Utafiti ni filamu hiyohiyo aliyotaka isogezwe nyuma.

Mwaka 2006 Halit Yozgat alipigwa risasi akafa katika mgahawa wa intaneti wa familia yake mjini Kassel, Ujerumani. Ofisa wa idara ya ujasusi aliyekuwapo pale dakika zilezile alisema hakusikia risasi wala hakuuona mwili nyuma ya meza. Miaka 11 baadaye, Forensic Architecture, kikundi cha chuo cha Goldsmiths, London, kinachochunguza matukio kwa mbinu za usanifu majengo, kilijenga mgahawa ule upya mjini Berlin, kwa ukubwa wake halisi. Waliichambua video ya polisi ambamo ofisa huyo anaigiza alivyotoka. Wakapima mlio wa bastola ungefika wapi, jicho la mtu wa kimo chake lingeona nini juu ya meza ile, hata harufu ya baruti ingesambaaje. Wakahitimisha kwamba maelezo yake si ya kweli. Kazi hiyo ilionyeshwa kwa skrini tatu kwenye maonyesho ya sanaa ya documenta, Kassel kwenyewe.

Nionyesheni hapo usanifu unaishia wapi na filamu inaanzia wapi. Ramani haina mlio. Video haina vipimo. Na ripoti ya kurasa mia nne isingewasimamisha watu wa mji ule mbele ya chumba alimouawa jirani yao.

William H. Whyte, mtafiti wa maisha ya mijini, naye alitega kamera juu ya viwanja vya kupumzikia vya New York kuona watu wanavyovitumia, na mwaka 1975 jiji likabadili kanuni za viwanja hivyo.

Sawa, zipo filamu zinazoletwa kama utafiti na hazina swali. Zirudishwe, kama irudishwavyo tasnifu isiyo na swali.

Mwanafunzi yule amepewa miezi mitatu ya masahihisho. Nimemwandikia asikate hata dakika moja. Aongeze sura ya kueleza kwa nini kila kamera ilisimama pale iliposimama, kwa urefu gani, saa ngapi, na nini kilibaki nje ya picha.