Shemeji, Usiniulize Habari za Visiwani

Sasa hivi nimemaliza kusikiliza vois noti ya shemeji yangu wa Temeke, nusu yake anakohoa, nusu anacheka mwenyewe, halafu mwishoni ndo anatoa la moyoni. Ati "Shem nyie wa visiwani mna raha bana, sisi huku foleni, joto, Kariakoo ghorofa limetuangukia mwezi uliopita, nyie upepo wa bahari na samaki wenu, mwaka mzima huu wa 2024 sijasikia habari hata moja ya Komoro."

Hajasikia habari. Mimi niko Moroni, mji mkuu wa Komoro, nauza ndoo, magodoro na mabeseni yanayotoka huko huko kwao, sijalala vizuri tangu Januari, yeye hajasikia habari. Nilitaka nimjibu kwa vois noti, simu ina chaji asilimia nne na umeme umekwenda zake tangu jana Magharibi, kwa hiyo nimeazima simu ya jirani, naandika kwa haraka, mkiona maneno yamepandana mvumilie.

Tuanze mwanzo basi. Tarehe 14 Januari tumepiga kura, ya rais na ya magavana siku moja, chumba kimoja, meza moja. Siku mbili baadaye tume ya uchaguzi ikatoka, rais wetu Azali Assoumani kashinda tena raundi ya kwanza kwa karibu 63 kwa mia, sawa, hilo hata kuku wa soko la Volovolo walishalijua. Kilichotushinda ni waliojitokeza. Asilimia 16 na ushee! Halafu ukitazama kura za magavana, zile zile za siku ile ile, watu wamejaa tele. Yaani mtu kaamka alfajiri, kapanga foleni, kaingia, karatasi ya gavana kaitumbukiza, ya rais kaondoka nayo nyumbani akafungie vitumbua. Watu wakaingia barabarani, matairi yakawaka, kafyu, duka nikafunga, na kuna mtu alipoteza maisha, hapo sina utani. Kabla mwezi haujaisha Mahakama ya Juu ikakaa ikapiga hesabu upya, ushindi ukashuka hadi 57 na ushee, na waliojitokeza wakapanda kutoka 16 mpaka 56 na ushee. Shikeni hizo namba mbili, mbele zitanila mimi.

Februari, kipindupindu. Boti limetoka Tanzania limeingia na wagonjwa, tarehe 2 serikali ikatangaza. Na mimi jamani ndo Mtanzania pekee mtaa ule. Mteja anakuja dukani, hagusi beseni, analisukuma kwa ncha ya mwavuli, "hili nalo limekuja na boti?" Mama mtu mzima ninayemwamkia kila siku akawa anapokea shikamoo yangu kwa mkono wa mbali, ameziba pua na leso. Ugonjwa wenyewe baadae ukaenda kuwatesa zaidi watu wa kisiwa cha Nzwani, maelfu wakaugua, na huku Ngazija kwetu kisiwa hakina hata mto mmoja, maji ni ya birika na ya kununua, halafu redio inakwambia nawa mikono kwa maji tiririka. Yatiririke toka wapi, kwenye volkano ya Karthala?

Mei rais kaapishwa. Julai mwanawe Nour El Fath kawa katibu mkuu wa serikali, na mwezi uliofuata madaraka yakaongezwa, mimi sisemi kitu, mimi wangu nikimwachia duka nikaswali Alasiri nikirudi nakuta ndoo tatu hazipo na hela hazipo.

Sasa tufike Agosti ndo penye kisa. Agosti Ngazija ni mwezi wa anda, ile arusi kubwa ya mila inayompa mwanaume cheo cha mtu mzima. Wenye asili ya huku mnaijua, wasioijua waulize wazee wao wa Kingazija hapo Malindi Unguja, mimi sina chaji ya kuelezea zaidi. Wanashuka wale ndugu wa Marseille, Ufaransa, tunaowaita je-viens, na mabegi ya kilo na marashi, ngoma kila mtaa, dhahabu, ng'ombe, mchele wa kugawa kwa marika. Na wageni wote hao lazima walale mahali. Basi bwana mmoja, jina tuliache, tumwite Mheshimiwa, akaja dukani kwangu kwa unyenyekevu mkubwa ambao nilipaswa kuuogopa. "Mwanangu, nafanya anda yangu, nina wageni wa Marseille, nipe magodoro kumi, tukimaliza sherehe nakulipa." Laki tatu za faranga za hapa. Nikampa. Ningemnyima vipi, bibi yangu mzaa mama ni wa mji huu huu, na huku mtu huhesabiwa kwa mama, kwa hiyo ikija michango mimi ni mwana wa mji haswa, jina langu la kwanza kwenye orodha. Hilo nalo lishikeni.

Sherehe ikaisha, Marseille wakarudi Marseille, Mheshimiwa akanilipa elfu thelathini. Nikaandika kwenye daftari. Septemba ikaingia, kimya. Nikikutana naye ananiuliza habari za Tanzania, eti Simba na Yanga wanaendeleaje, anaulizia mpaka bei ya vitunguu, deni haligusi. Nikaenda kwa wazee kushitaki, wakasema lete neno lako bangweni, pale uwanjani wazee wa mji wanapokaa kuamua mashauri, baada ya Alasiri.

Nimevaa kanzu nzuri, kofia ya mkono, daftari kwapani. Nikifika naelekea benchi la mbele, lile la mawe, maana shauri ni langu. Kijana akanishika kanzu kwa nyuma. "Hapana, kule wanakaa walioanda." Mimi sijaanda. Nina mvi, nina wajukuu wawili, nina duka, lakini sijaanda, kwa hiyo kwa sheria ya bangwe mimi bado ni mtoto. Nikapelekwa kule nyuma kabisa kwenye ukuta pamoja na vijana, mmoja anauza vocha, mwingine wa miaka kumi na saba anakula embe mbichi na pilipili, akanisogezea nafasi kwa huruma kabisa, "karibu mbaba, huku kuna kivuli." Nainua macho naangalia mbele kwa watu wazima wenye haki ya kusema, nani amekaa katikati, kajitanda mharuma wake mpya begani, shali la walioanda, bado una mikunjo ya dukani? Mheshimiwa! Si ndo kaanda mwezi juzi, kwa magodoro yangu! Yaani nimemkopesha mimi mwenyewe cheo cha kunihukumu.

Fatiha ikasomwa. Mzee wa kwanza akasifu mji. Wa pili akamsifu wa kwanza. Wa tatu akaeleza babu zao walivyotoka Shirazi, tukasafiri nao mpaka wakafika. Mwishowe Mheshimiwa mwenyewe akasimama, akaweka sawa mharuma, akasema kwa sauti ya upole, "Wazee wangu, kuna mwana wetu pale nyuma ana tatizo kidogo la mahesabu."

Nikanyanyua mkono. Nikaambiwa ushushe, mtoto hasemi bangweni, mtoto anasemewa. Nikapewa mzee wa kunisemea, mtu mwema sana, kaanda zamani, hana kosa lolote duniani ila masikio yamekwisha. Akaja mpaka nyuma, akainama, nikamnong'oneza, "Mzee wangu, waambie deni ni laki tatu, kalipa elfu thelathini." Akaitikia kwa kichwa. Akarudi mbele polepole na bakora yake, akasafisha koo, akatangaza, "Mwana wetu anasema, deni ni laki tatu, na kalipwa laki na thelathini."

Mheshimiwa hakupoteza sekunde. "Alhamdulillah, mmemsikia, amekiri mwenyewe."

Nikapiga kelele kutoka ukutani, elfu thelathini, siyo laki na thelathini, nikainua daftari juu watu walione. Bangwe zima likageuka. Kimya. Mzee wangu wa kunisemea akarudi tena mpaka nyuma, akainama, "umesema nini mwanangu?" Nikamwambia taratibu, kwa vidole, kalipa thelathini, thelathini, daftari hili hapa. Akalichukua daftari, akalishika juu chini, akarudi nalo mbele, akasema, "Anasema anaongeza thelathini nyingine." Kijana wa embe akaziba uso na shati.

Sasa hapo akasimama mwalimu mstaafu, mtu wa vitabu, nikasema alhamdulillah msomi kaamka, haki imefika. Akavaa miwani. Akasoma daftari langu mstari kwa mstari, akalifunga. Akasema, "Wazee wangu, daftari hili tusilidharau, ni kazi nzuri, lakini tulitazame kama matokeo ya tume. Tume ilisema 16, ikatangaza mchana kweupe. Mahakama ikakaa kwa utulivu ikaona ni 56. Je, nchi ilizama? Haikuzama. Basi na sisi bangwe ni mahakama, tukae kwa utulivu." Wallahi wakakubali kwa vichwa, wote, mpaka huyu wa kunisemea ambaye hakusikia neno.

Wakakaa kwa utulivu. Adhana ya Magharibi ikawakuta wametulia vile vile, umeme ukakatika, wakaendelea kwa tochi za simu. Hukumu ikasomwa gizani. Kwamba Mheshimiwa ameshalipa zaidi ya nusu. Kwamba iliyobaki, kwa kuwa magodoro yalilaliwa na wageni wa mji, ihesabiwe kuwa mchango wangu kwa mji wa bibi yangu. Nikasema, nikiwa nimesimama sasa, kofia imeshuka mpaka kwenye jicho, "Lakini mimi si mgeni, ndo mnaninyima kusema?" Nikajibiwa wewe si mgeni, wewe ni mtoto. Na kwa kunyanyua sauti mbele ya watu wazima mara mbili, faini gunia la mchele.

Gunia la mchele! Nikauliza nilipe lini, Mheshimiwa akanishika bega, akaniambia kwa mapenzi kabisa, "Usijali, chukua muda wako, sisi hatudai watu vibaya."

Magodoro yenyewe nilikuja kuyaona. Manane yako barazani kwake yameanikwa, yana nailoni bado. Mawili sijui. Mke wangu anasema mawili yamekwenda Marseille, mimi namwambia godoro haliingii kwenye ndege, anasema hujawajua je-viens.

Septemba hiyo hiyo rais naye akachomwa kisu mazikoni Salimani Itsandra, akapona, na kijana aliyefanya, askari jandarme wa miaka 24, kesho yake akakutwa amekufa mahabusu. Nikauliza dukani imekuwaje, wateja wote wakakumbuka wameacha kitu jikoni.

Raha tumepata miguuni tu, tuseme haki. Oktoba vijana wakaenda Tunis wakawafunga Tunisia kwao moja bila, mimi na kijana wa embe tukakumbatiana barabarani, Novemba tukafuzu AFCON ya Moroko, na siku chache baadae Taifa Stars nao wakafuzu, nikala furaha mara mbili kwa mshahara wa mtu mmoja.

Halafu Disemba 14, Chido. Kile kimbunga kimeipiga Maore (Mayotte), kisiwa jirani kilicho chini ya Mfaransa, kisawasawa, na hapa shemeji ndo sitaki kabisa vois noti zako. Maana Maore pale wamejaa watu wa Nzwani, wamekwenda kwa vile viboti vya kwasa kwasa usiku, kisiwa unakiona kwa macho lakini tangu 1995 bila viza ya Mfaransa huendi, na walipofika wakaishi kwenye mabati, na mabati ndo yaliyoruka. Jirani yangu dada yake yuko kule. Wiki nzima anapiga simu haiti. Ametafuta orodha, orodha ipi, mtu asiye na karatasi nani amemwandika popote? Huku wakatangaza maombolezo ya wiki, bendera ikashuka nusu mlingoti, yeye kakaa na simu mlangoni. Siku ya nane dada kapiga, mzima, nyumba hakuna. Na akipiga tu swali lake la kwanza ni je, mmeshalipa mchango wa anda ya mjomba mwakani, jina lake lisije likasomwa vibaya bangweni. Mtu yuko chini ya turubai! Hana maji! Anawaza mchango! Nilitoka nje nikatukana ukuta.

Basi ndo raha za visiwani hizo. Na samaki unaowasema shem, samaki nani anawaweza bei, sisi tunakula mabawa. Mabawa ya kuku wa barafu, yanashuka bandarini maboksi kwa maboksi, arusi mabawa, msiba mabawa, jioni kando ya barabara mabawa na ndizi za kuchoma na putu la pilipili, nayapenda sikatai. Lakini kila nikifungua boksi nakuta mabawa matupu, siku moja nikamuuliza muuza friza, bwana, kuku hawa vifua vyao na mapaja vinakwenda wapi? Akanitazama kama nimeuliza jambo la siasa. Akasema wewe umelipia mabawa, hesabu mabawa yako. Nikayahesabu pale pale juu ya kaunta, na moja lilikuwa shingo.