Gorila na korongo katika daraja moja

Novemba 2018 gorila wa milimani alishushwa daraja kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, kutoka "hatarini mno kutoweka" hadi "hatarini kutoweka". Kushuka huku ni kheri, lakini si wote walioshangilia. Wenye wasiwasi walisema wafadhili hufuata neno zito, na likipungua uzito, pesa za doria nazo hupungua. Siwabezi kwa kusema hivyo. Gorila hawa ni elfu moja na ushei tu, katika misitu miwili, Bwindi ya Uganda na Virunga mpakani mwa Uganda, Rwanda na Kongo. Korona ilipowazuia watalii mwaka 2020, Rafiki, dume kiongozi wa kundi la Nkuringo, aliuawa na jangili kwa mkuki.

Hata hivyo, nasimama na walioshusha. Idadi ilikuwa imepanda kweli, kwa jasho la askari wa hifadhi na madaktari wanaowafuata gorila wagonjwa hadi msituni. Orodha isiyokubali kuandika mema, nani ataiamini ikiandika mabaya?

Kinachonisumbua ni korongo taji, ngaali, ndege wa kwenye bendera yetu ya Uganda. Tangu 2012 naye yumo daraja hilohilo la "hatarini", ingawa Afrika bado ina makumi ya maelfu yao. Watu huuliza: inawezekanaje? Ni kwamba Orodha haihesabu waliobaki peke yake, hupima pia kasi ya kupungua. Aliyepoteza nusu ya wenzake ndani ya vizazi vitatu huingia, hata akionekana kila siku kando ya barabara.

Nami huwaona hapa Kabale. Wawili wanatembea polepole kwenye matuta ya viazi, taji za dhahabu zinatikisika, na pembeni mfereji mpya unatoa maji ya kahawia pale palipokuwa na mafunjo. Korongo hutaga kwenye kinamasi. Kikikauka, mbwa hufika kwenye kiota bila kulowa miguu. Wazazi huishi miaka mingi, kwa hiyo tunaendelea kuwaona na kudhani mambo ni shwari, kumbe vifaranga hawapo.

Lakini simlaumu mwenye viazi. Mlimani shamba limegawanywa hadi limekuwa kipande, na kinamasi ndicho kinacholipa ada ya shule. Kumwona gorila kwa saa moja mgeni hulipa mamia ya dola. Kumwona korongo hakuna anayelipa. Fungu la pesa hizo limfikie basi mkulima anayeacha ukingo wa mafunjo bila kulima mpaka vifaranga waruke.