Washa chesisi kwanza, jamani!

Kinachoniudhi pale maabara ni mtu kuingia asubuhi, kuwasha kompyuta, halafu ndipo akumbuke chesisi ya PXI, lile sanduku la kadi za vipimo lililoungwa na kompyuta kwa waya, kisha aje kuniambia, "Kadi zimekufa." Hazijafa! Waya ule si wa USB, wa kuchomeka wakati wowote. Unabeba PCI Express yenyewe, njia ambayo kompyuta huongea na kadi zake za ndani, na kompyuta zetu hukagua kilichopo kwenye njia hiyo pale zinapowaka. Kompyuta ikiwaka huku chesisi imezimwa, haioni kitu, na kadi hazitatokea kwenye orodha hata ungoje mpaka adhuhuri.

Juzi nimemkuta mwenzangu ameshafuta programu nzima, anaiweka upya. Saa mbili zimekwenda bure. Nikainama nyuma ya meza: taa ya linki, ile ya kuonyesha kwamba waya umeunganika, haiwaki, plagi ya waya imekaa upande, kilimi chake hakijashika. Nikaisukuma mpaka ikalia "tk". Tukazima vyote, tukawasha chesisi, tukasubiri kidogo, ndipo kompyuta. Taa ikawa ya kijani, kadi zote tano hizo hapo.

Kuzima ni kinyume: kompyuta kwanza, chesisi mwisho. Na tafadhali, usiuchomoe waya ule kompyuta ikiwa kazini. Itaganda, na vipimo vya mwenzako vya usiku kucha ndiyo basi tena. Taa ikiwa ya kijani na kadi bado hazionekani, hapo sawa, njoo tuangalie mambo ya BIOS, ile programu ya kuwashia kompyuta.

Haya yote niliyaandika kwenye karatasi, nikaibandika juu ya chesisi. Leo nimeikuta imebanduliwa, imewekewa kikombe cha chai.