Masharti maalumu ndiyo yanayotuumiza

Kila mradi mkubwa unapoandaliwa, mabishano huanzia kwenye fomu ya mkataba: tutumie fomu za FIDIC, yaani Shirikisho la Kimataifa la Wahandisi Washauri, ile ya Baraza la Taifa la Ujenzi, au nyaraka za PPRA, mamlaka ya kudhibiti ununuzi wa umma? Penye uhuru wa kuchagua, jibu ni jepesi kuliko tunavyolifanya. Tazama nani anasanifu na bei inapatikanaje. Mwajiri akileta michoro na kazi ikapimwa kadiri inavyofanyika, Kitabu Chekundu cha FIDIC kinafaa. Mkandarasi akisanifu mwenyewe kwa bei moja ya kazi nzima, chukua cha Njano. Ukitaka kumtwika karibu hatari zote na wewe ungoje kukabidhiwa funguo, kipo cha rangi ya Fedha, ila hatari hiyo utailipia ndani ya bei. Zahanati ya kijijini haihitaji chochote kati ya hivyo. Fomu fupi inaitosha.

Balaa huanzia kwenye masharti maalumu, zile kurasa ambamo mwajiri anaruhusiwa kubadili masharti ya jumla yaliyochapishwa kwenye fomu.

Chukua Kitabu Chekundu, toleo la 1999. Kifungu cha 20.1 kinamtaka mkandarasi anayedai muda au fedha atoe taarifa ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, kilichotokea. Akichelewa, amepoteza haki yake. Ni kifungu kikali, lakini kitabu hichohicho kinambana mwajiri pia. Cha 2.4 kinamtaka, akiombwa, aonyeshe ushahidi kwamba fedha za kulipia kazi zimeandaliwa. Cha 14.7 kinampa siku 56 za kulipa tangu mhandisi apokee maombi ya malipo, na cha 14.8 kinamtoza gharama za ucheleweshaji. Asipotimiza, cha 16.1 kinamruhusu mkandarasi kusimamisha kazi kwa taarifa ya siku 21.

Vifungu hivi vimeshikana. Sasa mtu anafuta cha 2.4, anafuta cha 14.8, halafu cha 20.1 anakiacha, tena wengine wanazipunguza zile siku 28 ziwe 14. Mkandarasi mzawa aliyekopa benki kununua nondo na saruji anabaki hana pa kushika. Mwenye uzoefu atapandisha bei tangu kwenye zabuni. Asiye na uzoefu atashinda kwa bei ya chini, kisha ataondoka saiti jengo likiwa kwenye jamvi, yaani sakafu ya msingi. Mwajiri amejilinda na nini hapo?

FIDIC wenyewe waliliona. Mwaka 2019 walitoa kanuni tano za kulinda mikataba yao, na mojawapo inakataza masharti maalumu kuvuruga mgawanyo wa hatari uliomo katika masharti ya jumla. Washauri wetu waisome, na wawe na ujasiri wa kumwambia mteja hapana.

Sisemi tusiguse kitu. Mvua, kwa mfano, lazima iguswe. Kifungu cha 8.4 kinatoa nyongeza ya muda kwa hali mbaya ya hewa isiyo ya kawaida, bila kueleza ya kawaida ni ipi, na hapo ndipo tunapogombana kila masika. Andika ni takwimu za kituo kipi cha Mamlaka ya Hali ya Hewa, za miaka mingapi, na milimita ngapi kwa mwezi zikizidi mkandarasi anapata siku. Vilevile jaza jedwali la marekebisho ya bei. Kifungu cha 13.8 kinasema wazi kwamba pasipo jedwali hilo hakitumiki, na bado nyaraka zinatoka jedwali likiwa tupu huku mkandarasi akiamini kupanda kwa bei ya dizeli kutafidiwa.

Kuhusu kuchanganya fomu mbili, nitasema kwa ufupi: acheni. Mkataba ambao ukurasa mmoja maelekezo yanatoka kwa Msanifu Majengo na mwingine kwa Mhandisi unampa kila wakili mlango wa kuingilia.

Kwa makandarasi, someni masharti maalumu kabla ya kuweka bei, mkiyalinganisha na masharti ya jumla kifungu kwa kifungu. Mkikuta cha 2.4 kimefutwa, ulizeni kwa maandishi ndani ya muda wa kuomba ufafanuzi. Jibu hupelekwa kwa wazabuni wote, na wakiuliza watano kifungu kilekile, mwajiri bado ana nafasi ya kutoa marekebisho ya zabuni.