Maua ya msimu mmoja: punguza miche bila huruma

Huruma ndiyo inayoua bustani nyingi za zinia, kosmosi, kalendula na popi. Mtu anamwaga pakiti nzima, mbegu zinaota zimesongamana kama manyoya ya kuku, kisha anashindwa kung'oa hata mche mmoja. Miche iliyobanana hurefuka ikigombea mwanga, shina linakuwa jembamba, na mvua moja kubwa inailaza yote. Zinia ndiyo huteseka zaidi: hewa isipopita katikati, ubwiri unga (ukungu mweupe kama unga) huanza kwenye majani ya chini na kupanda juu.

Nafasi ninazozitetea ni hizi: zinia na kalendula sentimita 30, kosmosi 40, popi 20. Mara ya kwanza punguza miche ikishatoa majani mawili halisi (yale ya mwanzo kabisa hayahesabiki), na uache nusu ya nafasi hiyo, kwa sababu konokono na sota (viwavi wanaokata miche) nao watachukua fungu lao. Majani yakianza kugusana, ondoa mmoja, acha mmoja, hadi nafasi itimie. Safari hii tumia mkasi, ukate usawa wa udongo. Ukivuta, unatikisa mizizi ya jirani unayetaka abaki.

Sia kwa mistari, hata kama unataka bustani ionekane imejiotea. Magugu hayafuati mstari, kwa hiyo utayatambua mapema. Popi msiihamishe kabisa: ina mzizi mkuu mmoja, na ukikatika mche hudumaa au kufa. Mbegu zake ni vumbi tupu. Changanya kijiko cha chai kimoja na kikombe cha mchanga mkavu, tawanya, kisha gandamiza kwa ubao bila kufukia, maana zinahitaji mwanga ili ziote. Zinia zifukie sentimita moja hivi, na usubiri udongo upate joto. Udongo wa baridi na maji mengi huzioza kabla hazijachomoza. Waliosia kwenye trei wanalijua tatizo hilo kwa sura nyingine, kinyausi: mche ulio mzima asubuhi, jioni umelala, shina limesinyaa usawa wa udongo. Mwagilia kupitia chini ya trei, na uache udongo wa juu ukauke kidogo.

Samadi? Kidogo sana. Kosmosi iliyolishwa naitrojeni huwa kichaka kizuri cha majani, na maua yanachelewa. Ikifika sentimita 30, kata ncha juu ya jozi ya majani, itoe matawi.

Kata kila ua linaponyauka, kwani mmea ukishakomaza mbegu hupunguza kuchanua. Kuelekea mwisho wa msimu acha vichwa vichache vya mimea bora vikauke hadi viwe kahawia, uvihifadhi kwenye bahasha ya karatasi. Mbegu za chotara F1 (kizazi cha kwanza cha aina mbili zilizochanganywa) usihangaike nazo. Watoto hawatafanana na mama.