Risasi ya .375 na lawama ya kutokuwa kubwa wala ndogo

Katika vitalu vya uwindaji wa kitalii nchini Tanzania, lawama dhidi ya risasi ya .375 Holland & Holland (namba hiyo ni upana wa kichwa cha risasi kwa inchi) haibadiliki kutoka msimu hadi msimu: kwamba ni ndogo kwa nyati aliyekwisha kujeruhiwa, ni kubwa kupita kiasi kwa swala pala, na kwamba anayeibeba amekwepa tu kuchagua. Wanaosema hivyo hushauri bunduki mbili, moja ya .30-06 au .300 kwa wanyama wa kawaida, na nyingine ya .416 au zaidi kwa nyati na tembo. Hawa si watu wasiojua bunduki, na sehemu ya hoja yao ni ya kweli. Ila wanaipima risasi hii kwa kazi ambayo mgeni mwenye kibali hakuja kuifanya.

Tuanze na penye ukweli. Nyati dume mwenye jeraha, aliyegeuka ndani ya kichaka na kuwasubiri wanaomfuata, hutokea akiwa mita 10 au pungufu, na hapo hakuna nafasi ya kutafuta moyo wala mapafu. Kinachotakiwa ni pigo la kumsimamisha. Ndiyo maana wawindaji bingwa wengi, yaani wale wanaowaongoza wageni porini, hubeba .458, .470 au .500, na hakuna mwenye akili timamu atakayewaambia waziache nyumbani. Wakosoaji hukumbusha pia kwamba kwa nyati na tembo .375 ndicho kiwango cha chini kinachoruhusiwa, na kwamba cha chini hakimaanishi cha kutosha. Sawa. Lakini kumsimamisha nyati anayeshambulia ni kazi ya mwindaji bingwa, na kazi ya mgeni ni kuweka risasi ya kwanza mahali ambapo shambulio hilo halitazaliwa kabisa. Kazi hizo mbili hazidai chombo kimoja.

Tarakimu zinaeleza zaidi. Risasi ya .375, iliyotoka mwaka 1912, husukuma kichwa cha gramu 19.4 kwa kasi ya takriban mita 770 kwa sekunde, na nguvu yake inapotoka mtutuni ni karibu jouli 5,800. Ile ya .416 Rigby, iliyoitangulia kwa mwaka mmoja, husukuma gramu 26 kwa mita 730 kwa sekunde, yaani karibu jouli 6,900. Tofauti ni kama asilimia 20, na mtu akiishia hapo ataona ni faida inayostahili kulipiwa. Begani hesabu ni nyingine. Chukua bunduki mbili zenye uzito sawa wa kilo 4.5, moja ya .375 na nyingine ya .416: teke la hiyo ya pili huzidi la kwanza kwa zaidi ya nusu, kwa sababu kinachoirudisha bunduki nyuma ni msukumo wa kichwa cha risasi pamoja na wa gesi ya baruti, na nguvu ya teke hukua kwa mraba wa msukumo huo. Anayenunua moja ya tano kule mbele analipa zaidi ya nusu huku nyuma. Upo ujanja wa kulipunguza teke kwa kuongeza uzito wa bunduki, lakini uzito huo hubebwa na mtu yuleyule anayefuata nyayo za madume tangu alfajiri hadi saa nane mchana, na saa nane mchana ndipo mikono inapotakiwa kutulia.

Siku ya kwanza kambini, kabla ya kibali chochote kutumika, mgeni hupelekwa kwenye shabaha iliyobandikwa mita 100, kuhakikisha kwamba darubini haikusogea njiani. Mwindaji bingwa mwenye uzoefu huitumia nafasi hiyo kwa hila ndogo. Huomba kumjazia mgeni bunduki, kisha humrudishia ikiwa na chemba tupu bila kusema neno. Mgeni hulenga, hushusha pumzi, huvuta kifyatulio, na badala ya mlipuko husikika "tik". Bunduki haikulia, lakini mdomo wa mtutu umeinama upana wa kiganja, macho yamefumba, na bega limekwisha kulikimbia teke ambalo halikuja. Watu huangua kicheko, mgeni naye hucheka, ila mwindaji bingwa anajua tayari siku zijazo zitakuwaje. Kuinama huko ndiko kunakohamisha risasi kutoka kwenye moyo, ambao kwa nyati umekaa chini sana nyuma ya mguu wa mbele, na kuipeleka tumboni au kuivunjia kwenye goti. Nyati aliyepigwa tumboni kwa .416 ni nyati aliyepigwa tumboni, na zile jouli 1,100 za ziada hazibadilishi chochote isipokuwa urefu wa mchana utakaotumika kumfuata kwenye majani marefu.

Watu wengi waliokulia kwenye .30-06 hufika kwenye .375 kwa mazoezi ya wiki chache tu. Ngazi ya kutoka .375 kwenda .416 ni fupi kwenye karatasi na ndefu begani, na wapo wanaoipanda vizuri. Hao sina ugomvi nao.

Upande wa pili wa lawama, kwamba ni kubwa mno kwa wanyama wadogo, ni dhaifu zaidi. Ikirekebishwa kupiga sawasawa kwenye mita 180, kichwa cha gramu 19.4 hushuka kama robo mita kinapofika mita 270, si mbali na .30-06 yenye kichwa cha gramu 11.7, na katika miombo ni mara chache mtu kufyatua kwa umbali huo. Kuhusu kuharibu nyama, wachunaji ndio mashahidi wazuri: bega la swala lililopigwa kwa risasi nyepesi ya kasi ya .300 mara nyingi hukutwa limevia damu na kusagika kuliko lililopitiwa na kichwa kizito cha mwendo wa wastani. Kisha kuna pofu dume, anayeweza kuzidi kilo 800, ambaye ushauri wa bunduki mbili humsahau daima. Kwake .30-06 hutosha kwa shida, na bunduki kubwa kwa kawaida huwa imebaki kwenye gari.

Hapa wapo wanaoivuka hoja kwa upande wa kinyume, wakimtaja W.D.M. Bell, mwindaji wa tembo wa zamani, aliyeua tembo zaidi ya 1,000, wengi kwa 7x57 isiyo kubwa kuliko ya kuwindia swala. Mfano huo haunisaidii, na siutaki. Bell aliijua mifupa ya fuvu la tembo kama fundi anavyoijua mashine yake, na alipiga maelfu ya risasi kabla ya kufika alipofika. Mgeni wa siku kumi hana elimu hiyo.

Kilichoipa .375 uhai mpya ni vichwa vyenyewe. Malalamiko mengi ya zamani yalitokana na risasi laini zilizopasuka kwenye bega la nyati kabla ya kufika ndani. Vichwa vya shaba tupu, na vile ambavyo madini ya risasi ya ndani yamegandishwa kwenye gamba lake, havipasuki hivyo. Hupanuka, huvunja mfupa na kuendelea, na mara nyingi hukutwa chini ya ngozi ya upande wa pili, jambo lenye thamani kundini, ambako risasi ngumu inayotoboa nje humjeruhi mnyama wa nyuma asiye na kibali.

Hii haimaanishi kwamba kila mtu aitafute. Mkazi anayewinda swala na kongoni pekee atakuwa anateketeza fedha kwa .375, na .30-06 yake imtoshe. Ganda refu la .375 nalo hudai bunduki yenye chemba ndefu, ambayo huwa ghali. Mwaka 2007 ilitoka .375 Ruger, yenye ganda fupi na nguvu ileile, na kwa kipimo cha ufundi ni jibu safi. Tatizo lake hujitokeza pale sanduku la risasi, ambalo mashirika mengi ya ndege huliwekea kikomo cha kilo 5, linapobaki uwanja mwingine na ndege ndogo ikamshusha mgeni kwenye kiwanja cha vumbi na bunduki isiyo na chakula. Kambini ataulizwa anatumia risasi gani. Akijibu Holland & Holland, mara nyingi mtu ataingia stoo na kutoka na pakiti.